Kona za Kwale

Pwani yetu ni tambarare. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kwa sehemu kubwa zimenyooka, na kijana mwenye pikipiki hana cha kumfurahisha humo ila kasi. Hilo ndilo lililotukosesha usingizi tangu mwanetu aliponunua yake. Tuliposhauriana, tuliona kumkataza hakutafaa. Heri tumtafutie njia.

Jumamosi moja, baada ya Alfajiri, tulivuka feri pamoja, yeye mbele, sisi nyuma kwa gari. Kombani tukakata kulia kuelekea Kwale. Hapo ardhi huanza kuinuka, hewa hupoa, na kila kona humlazimu mpandaji apunguze gia, ainamishe mwili kidogo na kutazama mbali. Raha ya njia hii i katika utulivu wa mkono; mwenye pupa haipati. Mmoja wetu alisoma Ayatul Kursiy tangu Kombani hadi juu, hatusemi nani.

Jirani na mji ni hifadhi ya Shimba Hills, makao ya ndovu na palahala, nao ndovu huvuka barabara wapendapo. Kwa hiyo tulimwekea masharti: kofia ngumu daima, viatu vya kufunika miguu, na Maghrib imkute nyumbani.

Amekwenda mara kadhaa tangu siku ile, na Malindi haitaji tena. Juma lililopita aliomba ruhusa ampakie dadake. Bado tunashauriana.