Chungu Kimoja, Kipimo Tofauti: Mlo wa Mtu Aliyebainika Kuwa na Kisukari

Mtu anaporejea kutoka hospitali akiwa ameelezwa kuwa ana kisukari, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: tangu leo atakula nini? Majibu huwa mengi. Jirani hushauri asiguse ugali wala wali. Ndugu hushauri ale dona peke yake. Na katika Mkoa wa Tabora, unaosifika nchini kwa asali ya miombo, hakosekani wa kusema kuwa asali haina madhara kwa mgonjwa kwa sababu ni ya asili. Makala haya yanaeleza namna familia inavyoweza kupanga mlo huo kwa vyakula vinavyopatikana katika mashamba na masoko ya mkoa, bila kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake.

Sukari isiyo tamu

Chakula cha wanga kikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari inayoingia katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, huiwezesha sukari hiyo kuingia katika seli za mwili na kuwa nguvu. Kwa mwenye kisukari, insulini haipo, haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo, hivyo sukari hurundikana katika damu. Hali hiyo ikidumu huharibu macho, figo, mishipa ya damu na ya fahamu, na kidonda kidogo cha mguu kinaweza kusababisha mguu kukatwa.

Kwa hiyo ugali, wali, muhogo, viazi na ndizi huongeza sukari katika damu hata kama ulimi hauonji utamu wowote. Dona, mtama na ulezi vina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na ni chaguo bora, lakini navyo ni wanga na vinahitaji kipimo. Uji laini uliosagwa sana huingia katika damu upesi kuliko nafaka nzima iliyochemshwa.

Wazee wa Unyanyembe waliokwenda safari za misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19 walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa siku nzima. Miili yao iliutumia wanga waliokula. Mkazi wa leo anayeshinda dukani au ofisini hautumii kwa kiasi hicho, na mlima wa ugali unaobaki sahani ileile humzidi.

Kugawa sahani

Njia rahisi ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga zisizo na wanga mwingi: mlenda, kisamvu, matembele, mchicha, bamia, ngogwe, au uyoga wakati wa masika. Robo iwe kitoweo: dagaa au migebuka kutoka Kigoma, kuku, mayai, au maharage na kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, takribani ukubwa wa ngumi ya mlaji. Karanga kiasi cha konzi moja zafaa kuliko maandazi kati ya milo. Mafuta na chumvi vipunguzwe, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kisukari huwa pia na shinikizo la damu.

Mlo huo huo unafaa familia nzima. Mgonjwa anayekula kando, tena chakula kisicho na ladha, huchoka mapema na kurudia mazoea ya zamani.

Vyakula vitatu vya mkoa huu vinahitaji uangalifu zaidi. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyotolewa maji. Kiganja kimoja cha matobolwa makavu kina wanga mwingi kuliko kiganja cha viazi vibichi, hivyo kipimo kiwe kidogo zaidi. Embe halikatazwi, ila nusu ya embe hutosha kwa mara moja, na liliwe zima badala ya juisi.

Asali ndiyo yenye imani nyingi. Takribani asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina gramu 17 hivi za sukari, ilhali kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe, kikisawazishwa, kina gramu 12 hivi. Haiponyi kisukari, na anayeacha vidonge au sindano ili kunywa asali anahatarisha uhai wake.

Asali inapokuwa msaada

Iko saa moja ambapo asali inafaa. Mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi akichelewa kula, au akiacha wanga kabisa kwa hofu, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Hutetemeka, hutokwa jasho, huona njaa kali na kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe kijiko kikubwa kimoja cha asali, au vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji. Apimwe au aangaliwe baada ya dakika 15, arudiwe kupewa kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe chochote mdomoni. Afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa sababu hiyo mgonjwa asiruke mlo, na anayekusudia kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, aonane na daktari mapema ili dawa zipangwe upya. Vilevile asibadili dawa kwa sababu tu amebadili chakula.

Wananchi wenye kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara au kupungua uzito bila sababu wanahimizwa kwenda kupimwa. Sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya kula asubuhi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni dalili ya kisukari. Anayekwenda kliniki aandike alichokula kwa siku tatu na aende na ndugu anayempikia, ili mtaalamu wa lishe azungumze na wote wawili juu ya chakula kilichopo nyumbani mwao.