Nafsi ya Kampuni: "Mimi" na Uwajibikaji katika Mazungumzo ya Mtandaoni na Wateja

Makala haya yanachunguza namna kampuni kubwa zinavyojivika nafsi ya kibinadamu zinapozungumza na wateja mtandaoni, na athari ya jambo hilo pale mteja anapomtafuta wa kuwajibika. Suala hili limezoeleka kujadiliwa kwa jicho la uuzaji. Hapa linatazamwa kwa jicho la sarufi, kwa kuwa Kiswahili kina nyenzo za kulidhihirisha.

Tuanze na upatanisho wa kisarifi. Nomino "kampuni" imo katika ngeli ya I-ZI: kampuni imetangaza, kampuni zimeungana. Nomino nyingine zenye umbo kama hilo, mradi zitaje kiumbe chenye uhai, huvutwa kwenye upatanisho wa A-WA: simba amelala, ndugu amefika. Kampuni haijapewa fadhila hiyo. Sheria huihesabu kuwa mtu kwa minajili ya kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, lakini hatusemi "kampuni amefika". Hata hivyo, mpaka huo huonekana katika nafsi ya tatu tu. Nafsi ya kwanza na ya pili hazibagui ngeli: "nimekuelewa" yaweza kutamkwa na mama, na mashine, na jabali. Ndiyo maana katika ngano kila kitu huweza kusema. Lakini ngano ina mtambaji, naye hutuambia "jiwe likasema". Kiambishi "li" humkumbusha msikilizaji kuwa anayesema ni jiwe. Kwenye simu ya mteja mtambaji hayupo.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1908 kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani ilianza kampeni ya matangazo iliyokusudia kuionyesha kuwa na utu mbele ya umma ulioiogopa kwa ukubwa wake. Norman Fairclough (1989) alieleza mbinu ya kuuhutubia umati kana kwamba kila mmoja anasemeshwa peke yake. Kilichobadilika ni kwamba mteja sasa hujibu, na kampuni nayo ikamjibu. Mwaka 2017 mgahawa wa Wendy's ulivuma katika Twitter kwa kuwakejeli washindani wake. Februari 2019 akaunti ya kinywaji cha SunnyD iliandika sentensi fupi yenye maana ya kwamba haiwezi kuendelea hivi tena, na akaunti za bidhaa nyingine zikajitokeza kuifariji. Kinywaji cha chungwa kilikuwa kimekata tamaa! Wapo waliocheka, wapo waliohoji uhalali wa kuazima maneno ya mtu aliyezidiwa na huzuni kwa ajili ya biashara.

Katika Afrika Mashariki sura inayostahili kuchunguzwa zaidi ni ya huduma, si ya utani. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa pochi, na mazungumzo na kampuni ya simu mara nyingi ni mazungumzo kuhusu fedha ya mtu. Mwaka 2018 Safaricom ilimleta Zuri, programu ya mazungumzo yenye jina linalofaa kuwa la binti. Jina hilo lina jambo la kumvutia mwanasarufi: ni shina la kivumishi lisilo na kiambishi. "Mzuri" angekuwa mtu, "nzuri" ingekuwa kampuni. "Zuri" halilazimiki kuamua. Sidhani kuwa waliolichagua walikusudia hivyo, lakini limeangukia mahali pake.

Tatizo halimo katika jina wala katika ukarimu wa salamu. Limo katika mahali ambapo "mimi" hukoma. Katika salamu na matangazo twasikia nafsi ya kwanza: nipo hapa, nikusaidie nini, tunakujali. Kosa likitokea, nafsi hiyo huondoka na sentensi hukosa mtenda: muamala haukufanikiwa, akaunti imefungwa, huduma imekatika. Kauli ya kutendeka ina umuhimu wa pekee hapa. Twaweza kusema "imekatwa na fundi", hatuwezi kusema "imekatika na fundi". Umbo lenyewe halina nafasi ya mtenda, hata mteja akitaka kumuuliza. Fungu lililozoeleka, "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", huomba msamaha kwa jambo lililojileta lenyewe.

Neno "pole" lahitaji uangalifu zaidi. Samahani huombwa na aliyekosa. Pole hutolewa na asiyekosa, jirani aliyekuja kukaa na aliyefikwa. Kampuni inayomwambia mteja "pole kwa changamoto hiyo", ilhali makato yaliyozidi ni yake, imehama kutoka kiti cha mdaiwa na kuketi mkekani pamoja na mfiwa. Mteja aliyelelewa katika adabu ya Kiswahili huona uzito kumkaripia aliyempa pole. Hapo ndipo utu wa kuazima unapoleta hasara halisi: lalamiko huishia katika "asante".

Mfano wa Kanada waonyesha jambo hili linavyoweza kufika mbele ya sheria. Mteja aliyefiwa aliiuliza programu ya mazungumzo ya Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa, akapewa maelezo yasiyo sahihi. Alipodai fidia, kampuni ilijitetea kwa hoja ambayo baraza la usuluhishi la British Columbia liliielewa kuwa programu hiyo ni kama chombo kinachojitegemea na kuwajibika chenyewe. Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo na kuiamuru kampuni ilipe.

Sheria za faragha za kanda yetu hazijafika hapo. Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinampa mhusika haki kuhusu uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo yahusu uamuzi, haihusu mazungumzo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili unde ya 2024, unataka mtu afahamishwe kuwa anazungumza na mashine. Tukiiga kanuni hiyo bila kuipima kwa lugha yetu, tutapata "msaidizi wa kidijitali", fungu linalomweka msaidizi, wa ngeli ya watu, mbele ya kivumishi ambacho wengi hawakitumii nyumbani. Neno "mashine" linatosha, na litajwe katika ujumbe wa kwanza, kwa Kiswahili, si katika masharti yanayofunguliwa kwa kiungo. Ajibupo mhudumu, herufi za jina lake mwishoni mwa ujumbe, kama zifanyavyo baadhi ya kampuni, ni alama ya kweli kuliko "mimi" isiyo na mwenyewe.

Kuhusu majibu ya malalamiko, pendekezo letu ni jembamba zaidi: mamlaka za mawasiliano zidai kuwa pale kampuni inapokiri kosa, sentensi iwe na mtenda na kauli ya kutenda, yaani "tulikata shilingi 500 kimakosa, tutazirudisha kesho". Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na BAKITA na BAKIZA, inaweza kuandaa vielelezo vya majibu ya namna hiyo.