Sola ya Paa Kabla ya Mvua za Masika

Paneli ya sola haiogopi maji. Kioo chake ni kigumu, seli zake zimezibwa ndani ya plastiki pande zote, na katika majaribio ya ubora yanayotumika kimataifa kioo hicho hurushiwa vipande vya barafu vyenye kipenyo cha milimita 25 kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde bila kuvunjika. Mvua ya Busia, hata ile inayozima mazungumzo chini ya bati, haiwezi kukifanya kitu. Vinavyoharibika msimu wa mvua ni vile vinavyoizunguka paneli: matundu ya bati, viungo vya waya, betri, na zaidi ya vyote hesabu ya umeme ya nyumba nzima, ambayo hupangwa wakati wa kiangazi na kusahauliwa humo.

Kaunti ya Busia hupata kati ya milimita 760 na 2,000 za mvua kwa mwaka, kutegemea mahali. Karibu nusu yake hunyesha katika mvua ndefu, ambazo hukolea kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei, na robo nyingine huja kati ya Agosti na Oktoba. Paa basi lina nafasi mbili za kutengenezwa kwa mwaka: Februari na Julai. Februari ndiyo yenye kazi nyingi, kwa kuwa vumbi la kiangazi limelala juu ya kioo tangu Desemba na mbao za paa zimekauka hadi parafujo zikalegea.

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, mji wa Busia uko takriban nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na ule wa Malaba uko juu yake kidogo tu. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, mara likielemea kaskazini, mara kusini. Kwa sababu hiyo, upande ambao paneli inautazama haupunguzi sana mavuno ya mwaka, tofauti na nchi za Ulaya ambako paneli hulazimika kutazama kusini. Hapa jambo kubwa ni saa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujazana, na alasiri ngurumo huanza. Siku nyingi za masika hupambazuka na jua lake zuri, kisha hufungwa na mvua jioni. Anayetegemea sola huvuna asubuhi au havuni kabisa.

Hivyo mti ulio mashariki mwa nyumba hugharimu zaidi kuliko ulio magharibi. Mwembe ambao kivuli chake hakikumsumbua mtu Januari huweza kula nusu ya umeme wa Aprili, maana saa zake za kivuli ndizo saa pekee za jua zilizobaki. Njia ya kujua ni kusimama uani saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi na kutazama kivuli kinaangukia wapi, kisha kukata matawi kabla mvua haijayarefusha. Mikaratusi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa jinsi inavyokua mbio.

Tawi moja dogo lina madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, na umeme hupita ndani yake kama maji ndani ya mpira: mguu ukikanyaga sehemu moja, mtiririko wote hupungua. Watengenezaji huweka diodi za kuukwepesha umeme sehemu iliyofunikwa, lakini diodi ikifanya kazi fungu zima la seli huachwa nje. Katika paneli nyingi kubwa fungu hilo ni theluthi nzima. Kinyesi cha ndege au jani la mgomba vinatosha kulizima.

Halafu kuna uchafu wa mpakani. Busia na Malaba ndizo njia kuu mbili za malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Msongamano ukitokea, foleni hurefuka kilomita kadhaa na injini za dizeli hunguruma chini ya mapaa ya maduka. Moshi huo huacha masizi yenye mafuta. Barabara za murram huongeza vumbi jekundu, na mashamba ya miwa yanayochomwa kabla ya kuvunwa huongeza majivu. Watu wengi huiachia mvua kazi ya kuosha. Mvua huondoa vumbi kavu, lakini masizi hayasikii maji matupu, na manyunyu mepesi ya kwanza hufanya vibaya zaidi: huligeuza vumbi kuwa tope, likateremka hadi ukingo wa chini wa fremu na kukauka hapo kama utepe.

Utepe huo huziba safu ya chini ya seli. Katika paneli za kawaida zenye seli nzima, paneli iliyosimamishwa wima hupata hasara kubwa, kwa kuwa safu ya chini inagusa mafungu yote matatu. Iliyolazwa kwa ubavu hupoteza fungu moja tu. Kwenye mabati yenye mteremko mzuri tope halikai sana. Kwenye mapaa bapa ya zege ya majengo ya biashara mjini, paneli inahitaji kuinuliwa kwa digrii 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua bali ili maji yateleze na uchafu wake.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya alfajiri. Kioo kilichochomwa na jua la mchana huweza kupasuka kikimwagiwa maji baridi. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora, kwani maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe. Kitambaa laini na sabuni kidogo ya maji hutosha kwa masizi. Sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria hukwangua kioo, na mikwaruzo hiyo haitoki tena.

Anayepanda juu ya mabati hukanyaga kwenye mstari wa misumari, ambako kuna mbao chini yake, na hupanda bati likiwa kavu. Akiwa huko, sehemu ya kwanza ya kutazama ni miguu ya fremu. Vishikio vingi vya mpakani vimechomelewa na mafundi wa jua kali, jina linalofaa sana kwa watu wanaotengeneza mitego ya jua, na uimara wake hutofautiana. Parafujo iliyoshika bati peke yake, bila kufika kwenye mbao, itang'oka siku ya upepo wa tufani. Mpira ulio chini ya kichwa cha parafujo hupasuka kwa joto la miaka michache, maji yakapenya na kuozesha mbao taratibu kabla doa halijaonekana kwenye dari. Kuubadilisha ni bei ndogo mno ukilinganisha na kubadilisha mbao. Chini ya paneli nako kunahitaji nafasi ya sentimita kumi hivi ili hewa na maji vipite. Majani yaliyojaa hapo hushikilia unyevu juu ya bati, na nyigu hupapenda. Fundi mwenye busara huchungulia kabla ya kuingiza mkono.

Paneli ndogo zilizoenea vijijini tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa malipo ya simu mwaka 2012 zina tatizo lake. Ni nyepesi, na nyingine huwekwa tu juu ya bati na kukandamizwa kwa jiwe. Jiwe si kishikio.

Waya ndizo zinazoleta hitilafu nyingi. Kiungo cha kusokota na kuzungushiwa utepe mweusi hudumu kiangazi chote, kisha maji huingia, shaba ikageuka kijani, na kiungo kikaanza kupata moto. Nje ya nyumba hutakiwa viungo vya kubana visivyopitisha maji, vya aina moja pande zote mbili. Waya unaoingia ukutani ushushwe kwanza ufanye tumbo chini ya tundu, kisha upande kuingia. Matone hudondoka kwenye tumbo hilo badala ya kufuata waya hadi kwenye kidhibiti chaji. Ni ujanja usiogharimu chochote, na unarukwa kila mahali.

Anayegusa waya hizo akumbuke kwamba paneli haina swichi ya kuizima. Kukiwa na mwanga, kuna umeme. Hutenganishwa kwanza waya za paneli kwenye kidhibiti, ndipo za betri. Wakati wa kurudisha, betri hutangulia. Mfumo mdogo wa volti 12 hauna hatari kubwa ya kumpiga mtu, ila unaweza kuwasha moto. Mifumo ya hoteli na maduka makubwa, yenye paneli nyingi kwa mfuatano, hufikia mamia ya volti, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kanuni za Kenya zinamtaka kila fundi wa sola awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kwa vifaa vilivyonunuliwa ng'ambo ya pili ya mpaka, ni vizuri kuuliza mapema dhamana yake itadaiwa wapi.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Paneli haiiti radi. Kinachoivuta ni kimo cha jengo na upweke wake. Lakini radi ikipiga hata mita mia kadhaa pembeni, waya ndefu huokota msukumo wa umeme na kuupeleka kwenye kidhibiti na inveta. Fremu iunganishwe na nondo ya shaba iliyozikwa ardhini, waya wa chanya na wa hasi zifungwe pamoja njia yote, na kizuia msukumo kiwekwe kabla ya kidhibiti. Hakuna hata kimoja cha hivi kinachozuia pigo la moja kwa moja.

Inabaki betri. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.2 imefika nusu, na kuishusha chini ya hapo mara kwa mara huiua mapema. Maji yanayoongezwa ndani yake ni yaliyokenekwa, si asidi wala ya bomba. Ikae juu ya ubao, mahali pa hewa, mbali na sakafu inayoweza kufurika.

Tuchukue nyumba yenye paneli ya wati 100. Siku ya jua la saa tano, baada ya hasara za njiani, huingiza kama wati-saa 350. Taa nne za wati 5 kwa saa tano hula 100, simu mbili 20, redio 30, na runinga ndogo kwa saa nne 80: jumla 230, na ziada inabaki. Siku ya masika yenye jua la saa mbili huingiza 140 tu. Kila usiku pengo la 90 hutoka betrini, na betri ya ampea-saa 100, ambayo nusu yake ni wati-saa 600, itafika mpaka wake baada ya siku sita. Runinga ikizimwa, matumizi hushuka hadi 150 na pengo karibu linazibika. Taa ya barazani inayoachwa usiku kucha hulifungua tena: wati 5 kwa saa kumi na mbili ni wati-saa 60. Siku hizohizo ndizo upepo huangusha nguzo za Kenya Power, na wenye umeme wa gridi nao hurudi kuiegemea sola yao.