Beni, Bendi na Mganda: Maneno Yaliyofika Ziwa Nyasa kwa Ngoma

Mtu asomaye kamusi ya Kiswahili atakuta neno beni, yaani ngoma ya gwaride, na mahali pengine atakuta bendi, kundi la wapiga muziki wa kisasa. Maneno hayo yawekwa mbalimbali kana kwamba hayajuani, kumbe ni neno moja la Kiingereza lililoingia mara mbili. La kwanza, nadhani, liliingia kwa sikio tu, na ile d ikapotea njiani. La pili lilikuja baadaye na d yake, mikononi mwa watu waliokwisha kujua kusoma.

Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vyama vyake vilishindana vikali: Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na baadaye Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme, makapteni na madaktari wake, na wanachama walisaidiana katika misiba. Terence Ranger aliyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha 1975.

Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoibeba beni hata bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwambao wa Ruvuma wenyewe ulivionja vita hivyo mapema: mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, ambapo siku zile paliitwa Sphinxhafen. Askari waliporudi makwao, gwaride lilirudi pamoja nao, nalo kando ya Ziwa likawa mganda.

(Msomaji asichanganye jina hili na mtu wa Buganda, wala na mganda wa nyasi, ambao wingi wake ni miganda.)

Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa sana. Tarumbeta za shaba hazikuwako, basi watu walitwaa kibuyu, wakakitoboa, wakalifunika tundu kwa utando mwembamba wa buibui. Chombo hicho hakipulizwi kama tarumbeta, bali huimbiwa: sauti ya mtu huingia humo, nayo hutoka ikivuma. Ng'ambo ya Ziwa, katika Malawi, huitwa malipenga, na ngoma nayo hujulikana kwa jina hilohilo. Wachezaji huvaa nguo nyeupe, hujipanga safu, na huongozwa na wenye vyeo. Wanawake wana ngoma yao, kioda.

Nilipokuwa nikisoma Ulaya niliulizwa zaidi ya mara moja kama huku si kumwiga Mzungu tu. Swali hilo hutoka kwa mtu asiyesikiliza maneno. Kapteni huko Malawi huwa kaputeni, kwa kuwa p na t haziachwi zigusane. Na kama sauti zilivyotiwa irabu, ndivyo vyeo navyo vilivyotiwa kazi mpya. Kapteni wa ngoma haamrishi kuua mtu. Huamrisha mguu uinuke. J. Clyde Mitchell, alipoandika juu ya kalela ya Luanshya mwaka 1956, alimkuta mfalme na daktari katika ngoma hiyo ya wachimba shaba, iliyo ndugu ya beni. Aigaye tu hurudisha alichokiona. Hawa walibadili chombo, wakabadili matamshi, wakabadili na maana ya amri.

Kwa hiyo yafaa mtunga kamusi ayaandike beni na bendi chini ya asili moja, na mganda autajie ukoo wake.

Mwambao huohuo ndiko kwao marehemu John Komba, mzaliwa wa Lituhi (1954–2015), aliyekuwa pia mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005. Kundi lake, Tanzania One Theatre, lililoanzishwa mwaka 1992 chini ya Chama Cha Mapinduzi, lilikuwa na kwaya, ngoma na taarabu, na hatimaye bendi, TOT Plus. Nyimbo zake za kumlilia Mwalimu Nyerere, mwaka 1999, zilisikika nchi nzima. Watu walimwita Kapteni Komba, naye alikuwa kapteni wa jeshi kweli, si wa mganda. Lakini kwa watu wa Ziwani, waliokwisha kuzoea kumwona kapteni akiwatangulia waimbaji, cheo hicho hakikuwa kigeni jukwaani.