Mtetemeko Si Uchawi

Mikono ndiyo mali ya mfanyakazi. Mchuma chai wa Mufindi au wa Rungwe mikono yake ikianza kutetemeka, na hatua zake zikawa nzito, riziki ya nyumba nzima imo hatarini. Hapo majirani huwa wepesi wa kuhukumu: huyu asema amerogwa, yule asema ni pombe, na mwingine asema ni uzee tu.

Sisi twaona kuwa yafaa hukumu hizo zingoje. Yako maradhi yaitwayo Parkinson, kwa jina la daktari wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo huongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, na kila tendo huwa la polepole. Tangu miaka ya 1960 iko dawa, nayo ni levodopa. Haiponyi, lakini yaweza kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kula na kuvaa mwenyewe.

Basi mbona watu wateseke? Jibu lilionekana wilayani Hai, Kilimanjaro. Daktari Catherine Dotchin na Profesa Richard Walker wa Uingereza, pamoja na wenzao Watanzania, walichunguza nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 161,071, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la maradhi yao. Asiyejulikana ugonjwa wake hapewi dawa yake.

Mikoa ya Iringa na Mbeya na ijifunze hapo. Kutoka Mbeya hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800, wala hatutazamii kila wilaya ipate bingwa wa mishipa ya fahamu kesho. Lakini maradhi haya hutambuliwa hasa kwa macho na mikono ya mganga, si kwa mashine ya thamani. Mganga wa zahanati akifundishwa kumtazama mgonjwa anavyotembea na anavyofunga vifungo vya shati, atajua nani apelekwe hospitali ya rufaa. Na huko dawa iwepo, kwa bei aiwezayo mkulima.

Si kila mtetemeko ni Parkinson. Ndiyo maana lazima daktari aamue. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mzazi anayetetemeka asifichwe chumbani, apelekwe hospitali.