Kaka alitaka kukata bampa, wifi akauliza kilicho nyuma yake

Jumamosi moja mwezi wa kumi, wakati joto la Nzega linapomfukuza kila mtu kwenye kivuli cha mwembe, nilifika kwa kaka yangu kule Lusu na kumkuta amechuchumaa mbele ya Subaru Forester yake. Bampa lilikuwa limefunguliwa, limelazwa juu ya turubai. Pembeni kulikuwa na boksi lenye kipande cha aluminiamu kipana kama sinia la pilau, na mabomba ya silikoni.

"Mdogo wangu, umekuja siku nzuri," aliniambia. "Leo gari linavaa intakula ya mbele."

Wifi alisimama mlangoni, mtoto wao wa miaka minne kamshika gauni. Gari hilo ndilo linalompeleka mtoto kliniki, na ndilo linalompeleka mama yetu Tabora kupimwa presha. Lakini uamuzi wa kulikata ulifanyika gereji, baina ya wanaume wawili.

Kaka hakuwa na wazimu. Gari lenye tabo hubana hewa kabla ya kuiingiza kwenye injini, na hewa ikibanwa hupata moto. Inaweza kuzidi nyuzi 100 za Sentigredi. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, na injini hupoteza nguvu. Intakula ni kama rejeta ya hewa: inaipoza kwanza. Kwenye Forester hiyo intakula imelala juu ya injini, ikipata upepo kwa lile tundu la kwenye boneti. Gari likitembea polepole juani, joto la injini linapanda moja kwa moja kuiunguza. Ukiihamishia mbele inapigwa na upepo. Hesabu ni sahihi. Shida ni nafasi.

Fundi alipoijaribisha, ile intakula iligonga chuma cha mlalo kilicho nyuma ya bampa. Akaomba grenda.

"Samahani fundi," wifi akauliza, "hicho chuma kina kazi gani?"

"Hicho kinashikilia bampa tu, shemeji."

Mimi ni mwandishi wa afya, si fundi, lakini hapo nililazimika kuingilia. Plastiki tunayoiita bampa ni ngozi tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu, na nyuma ya sponji kuna hiyo boriti ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za fremu. Gari likigonga kitu, boriti huupeleka mshtuko pande zote mbili, kisha fremu ya mbele hujikunja taratibu na kula nguvu ambayo ingewafikia walio ndani. Ukiikata katikati, upande mmja unaweza kubeba kishindo chote, na kinachofuata nyuma yake ni rejeta na injini. Mifuko ya hewa nayo ilipangwa ifumuke kulingana na jinsi sehemu ya mbele inavyopokea mshtuko. Ukibadilisha chuma, umebadilisha hesabu hiyo bila kujua jibu lake.

Fundi alinyamaza. Kisha akasema amekata boriti za magari kadhaa na hakuna aliyerudi kulalamika. Nilitamani kumwambia kwamba aliyeumia vibaya harudi gereji, lakini alikuwa ananizidi umri, nikaacha.

Na hapo tulikuwa bado tunazungumzia walio ndani ya gari tu. Mkoa wetu ulijengwa na watu wa miguu. Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka huku hadi pwani. Hata leo, barabara ya Lusu asubuhi ni ya wanafunzi, akina mama wenye ndoo, baiskeli za mkaa na bodaboda. Bampa linalompiga mtu mzima mguuni, mtoto mdogo linampiga nyonga au kifua. Sponji na plastiki laini hupunguza makali. Ukingo wa aluminiamu uliochomoza, bolti ndefu, plastiki iliyokatwa ikaachwa na meno, hivyo vinachana. Ngao za chuma tunazofunga kwenye Land Cruiser kwa fahari zina shida hiyohiyo, na Ulaya zimewekewa masharti.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Linasema pia kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari kwa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya kilomita 50. Na intakula kubwa haifungwi ili mtu aende taratibu.

Je, haiwezekani kabisa? Inawezekana. Kuna intakula nyembamba zinazokaa bila kugusa boriti, na kuna zinazouzwa pamoja na boriti mbadala. Kinachokatwa ni plastiki ya ndani ya bampa, kidogo kidogo: unabandika gundi ya karatasi, unachora, unakata, unajaribisha, unarudia. Unaacha nafasi ya kidole kwa sababu injini hutikisika, unasugua kingo kwa msasa, na hakuna chuma kinachotangulia mbele ya bampa. Baadaye unachunga mshale wa joto, maana intakula hiyo inaizibia upepo rejeta iliyo nyuma yake.

Jambo jingine niliona kwa jicho la kazi yangu. Kijana wa fundi alishika grenda bila miwani, vumbi la plastiki likimrukia usoni. Wifi alimletea miwani yake ya jua. Si kinga ya kutosha, ila ndiyo iliyokuwepo.

Jioni bampa lilirudishwa lilivyokuwa. Kaka alinuna mpaka chakula cha usiku, kisha akaanza mwenyewe kuuliza bei ya intakula ndogo. Wifi amekubali, kwa sharti moja: siku ya kufunga awepo, na grenda isiguse chuma.

Lile sinia la aluminiamu bado liko stoo. Mara ya mwisho nilipokwenda, kuku alikuwa anaatamia ndani ya boksi lake.