Simba wa Mezani Anapovaliwa Kichwani

Kichwa cha simba cha manila, kilichotokana na karatasi mbili za A4, kilikaa mezani kwangu kikiwa na mzunguko wa sentimita 18 usawa wa paji la uso. Mtoto wa miaka 12 aliyepangiwa kuwa simba kwenye igizo la shule alikuwa na kichwa cha sentimita 54. Hesabu ilionekana nyepesi: 54 gawanya kwa 18 ni 3. Nikakuza pateni mara tatu, nikakata maboksi usiku kucha, na asubuhi simba akakwama juu ya masikio. Mtoto aliigiza akiwa ameshikilia kile kichwa mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na mikono hiyo ndiyo iliyotakiwa kuwa makucha. Iliniuma sana.

Nilichosahau ni kwamba pateni ya karatasi haina unene. Manila ni nyembamba kiasi kwamba huuhisi unene wake, lakini boksi la katoni huwa na milimita 4 hivi, na unene huo unaingia ndani pande zote. Mzunguko wa ndani hupungua kwa unene mara mbili mara pai. Kwa hiyo milimita 4 tu zinameza sentimita 2.5. Ukitumia ile mikeka ya sponji ngumu ya watoto, inayoungana kwa meno, na ikawa na unene wa sentimita 1, umepoteza sentimita 6.3.

Ndiyo maana hesabu ianzie mwilini ielekee nje, kama fundi cherehani anavyoacha nafasi ya kupumua kwenye gauni. Kichwa ni 54. Acha sentimita 2 kukizunguka kwa ajili ya hewa na vipande vya sponji laini vya kukishikilia: hapo mzunguko unaongezeka kwa 12.6. Ongeza 2.5 za boksi. Unafika karibu 69, na 69 gawanya kwa 18 ni 3.83. Kisha pima shingo ya pateni, kwa sababu kichwa hakivaliwi kutokea juu. Tundu la shingo likiwa jembamba kuliko kichwa, pasua kisogoni na ufunge kwa utepe wa kunata. Kwa kinga za mikono ni vilevile: kinachoamua ni kiganja kinachopita, wala si kifundo kinachovikwa.

Ukishapata 3.83, usinunue maboksi kwa kipimo hicho. Eneo hukua kwa kipeo cha pili, yaani karibu mara 15, hivyo zile karatasi mbili zinakuwa kama 30 kabla ya kuhesabu mabaki. Kosa hilohilo huonekana steshenari. Mtu anakuza kutoka A4 kwenda A3 akidhani amefanya mara mbili, kumbe mashine imekuza kwa asilimia 141. Eneo ndilo limeongezeka mara mbili. Urefu umeongezeka mara 1.41 tu. Na kompyuta ikiachwa iamue yenyewe, huweza kubana ukurasa ili uingie ndani ya pambizo za printa. Chora mstari wa sentimita 10 pembeni ya pateni yako iliyokwisha kukuzwa. Ukitoka na 9.5, rudisha kazi ichapwe upya kwa asilimia 100.

Wajapani wana programu iitwayo Pepakura, ya Tama Software, inayokunjua umbo la kompyuta likawa vipande bapa na kuvigawa upya kwenye kurasa kila unapobadili kipimo. Jina limetokana na matamshi yao ya maneno ya Kiingereza, pepa na kurafuto, na sisi tunaosema pepa ya hisabati tunalisikia kama neno la nyumbani. Asiye na kompyuta achore miraba ya sentimita 1 juu ya pateni ndogo na miraba ya sentimita 3.83 kwenye boksi, kisha ahamishe mistari mraba kwa mraba. Inachosha, lakini inatoa kazi sahihi.

Kuna jambo ambalo namba haiwezi kulificha. Galileo alilieleza katika kitabu chake cha 1638: mnyama mkubwa hawezi kusimama kwa mifupa ya mdogo iliyorefushwa tu kwa uwiano uleule. Bapa la manila lililolala na kushikwa kingoni, ukilikuza mara mbili bila kuongeza unene, hubonyea kwa uzito wake mara 16 zaidi. Ukiongeza unene nao mara mbili, linabonyea mara 4. Shavu la simba lililokuwa kakamavu mezani linaning'inia likifika ukubwa wa mtu, ndiyo sababu ya kuhamia kwenye boksi na kubandika vipande vya mkazo kwa ndani.

Boksi nalo lina tabia zake. Mkunjo uchorwe kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino, ukikata mawimbi ya ndani pale inapowezekana, la sivyo boksi litajikunjia linapopenda. Vile vidomo vya kupakia gundi pembeni vikate vyote, uunganishe kingo kwa kingo na tepu ya karatasi kwa ndani. Kwa sponji ngumu, kona ya nyuzi 90 hukatwa mshazari wa nyuzi 45 kila upande na kubandikwa kwa gundi ya fundi viatu, milango ikiwa wazi.

Kabla ya rangi, mvalishe mtoto, aseme mistari yake yote, ageuke, ainame. Simba wetu wa pili aliingia vizuri, ila maneno yalibaki ndani ya boksi. Tukaikata taya ishuke sentimita 3, na sauti ikafika mpaka viti vya nyuma.